Uzi: Rangi ya nje ya nyumba ifuate udongo wa kiwanja, bati na jua. Katalogi ifunguliwe mwisho

Mshika Brashi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali halikauki kwenye jukwaa hili la ujenzi: "Nipeni rangi kali ya nje, nyumba imeisha." Zinamiminika picha za majumba ya Johannesburg na Dubai, meupe pee au kijivu cha mkaa, na mwenye swali anaondoka kwenda dukani na simu mkononi. Hakuna aliyemuuliza amejenga wapi.

Kazi yangu ni kupaka rangi. Nimepaka Dar, Dodoma, Mbeya na Bukoba, na kwa bahati wateja huniita tena, kwa hiyo ukuta nauona ukiwa mpya na nauona baada ya masika mawili matatu. Ninachotaka kusema ni hiki: kuna vitu vitatu huwezi kuvibadilisha. Udongo wa kiwanja umeukuta, bati umeshapiga, na jua litaendelea kupita linakopita. Rangi ivifuate hivyo.

Nianze na udongo maana ndio unaosahaulika. Dodoma, Singida na sehemu za Tabora kuna vumbi jekundu. Kiangazi upepo unalipandisha mpaka kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Mvua za kwanza zikija zinalishusha kwa michirizi, na tone likipiga ardhi tupu linarusha tope ukutani nusu mita na zaidi. Dodoma yenyewe hupata milimita 600 za mvua kwa mwaka au pungufu ya hapo, kwa hiyo mvua haitoshi kuosha nyumba. Inatosha kuichafua tu. Na wekundu ule ni oksidi ya chuma, jamii moja na ile inayotiwa kwenye redi oksaidi ya sakafu. Ndiyo maana unasugua kwa sabuni na alama inabaki: ukuta umepakwa rangi ya kweli, ila si uliyoilipia.

Kwa hiyo kabla hujachagua, chota udongo wa kiwanjani kwako, uukoroge na maji, uupakaze juu ya kipande cha sampuli ya rangi unayoitaka. Ukikauka, futa kwa kitambaa kikavu. Alama inayobaki ndiyo nyumba yako mwakani. Kama inakuuma kuitazama, badili rangi leo ukiwa bado na hela. Kwa udongo mwekundu zinazostahimili ni krimu iliyoiva, rangi ya mchanga, maji ya kunde hafifu, na ile ya tofali iliyopauka. Nyeupe pee inaumbuka mapema, na kijivu baridi pia, maana vumbi jekundu juu ya kijivu linaonekana uchafu wakati juu ya krimu linaonekana kivuli.

Ukihamia Arusha na Moshi udongo mwingi ni wa volkano, mweusi au wa kahawia iliyokolea. Huko kijivu kinakaa vizuri kabisa. Mwanza nako kijivu kina kwao: mawe yale makubwa ya matale yamezunguka kila mtaa wa mlimani, nyumba ya kijivu yenye joto kidogo, au ya rangi ya majivu, inaonekana imezaliwa pale pale. Shinyanga kwenye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, rangi si tatizo lako la kwanza, ni nyufa. Tuliache hilo.

Kwenye vumbi jekundu usikwepe mkanda wa chini. Sentimita 60 hadi 90 kutoka chini, damu ya mzee au ugoro au maji ya kunde iliyokolea. Najua vijana hawautaki, wanasema nyumba inafanana na zahanati. Wale mabibi waliosiliba nyumba kwa udongo mweupe juu na mweusi chini hawakuwa wanafuata mtindo wa zahanati; walikuwa wameona mvua inavyorusha tope. Kama hutaki kabisa mkanda, basi mwaga zege au weka mawe ya Tanga kuzunguka nyumba, upana wa mita moja hivi, na uweke gata. Maji yasipopiga udongo, tope halipandi.

Sasa jua. Ukuta wa mashariki na wa magharibi unapigwa mwaka mzima, asubuhi mmoja na jioni mwingine, jua likiwa chini. Kwetu kusini mwa ikweta, katikati ya mwaka jua la mchana huegemea kaskazini, hivyo ukuta wa kaskazini unakula jua kiangazi chote. Rangi inayochuja huanza kuchuja kwenye kuta hizo tatu, wakati ule wa kusini bado mbichi. Zinazowahi kupauka ni nyekundu kali, pinki iliyokolea, zambarau na baadhi ya njano za kung'aa. Zinazodumu ni zile zilizotengenezwa kwa oksidi za chuma: tofali, hudhurungi, njano ya udongo, nyeusi. Mtu anayetaka wekundu achukue wa tofali, asichukue wa lipstiki.

Joto nalo lisemwe. Nyeupe safi hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Kijivu cha mkaa hakifikishi 15. Ukuta wa magharibi uliopakwa mkaa, ukiwa ndio ukuta wa chumba cha kulala Kigamboni, saa tatu usiku bado unatoa joto ndani. Kwa Njombe na Makete, ambako Juni na Julai barafu huanguka kwenye nyasi alfajiri, rangi iliyokolea haina ubaya huo. Na kama umejenga kwa tofali za kuchoma Iringa au Mbeya na fundi amezipanga vizuri, nakuomba usizipake chochote. Jaza viungo, safisha, ziache.

Bati la mwisho, na hapa wengi wanakosea kwa sababu bati linanunuliwa mapema, mwaka mmoja au zaidi kabla ya rangi, na mara nyingi kwa kufuata ofa.

Bati la damu ya mzee linapenda krimu, mchanga na maji ya kunde. Pinki na peach chini yake zinagombana nalo. Bati la bluu ni gumu: mpe nyeupe iliyovunjwa kidogo au kijivu chepesi, na usiongeze rangi nyingine yenye nguvu. La kijani linakaa na mchanga, krimu na kijivu cha majivu. La mkaa linakubali karibu kila kitu, na ndiyo maana siku hizi limejaa kila kona. La chokoleti, maji ya kunde hafifu au rangi ya maziwa.

Rangi mbili zinatosha, ya tatu iwe kwa nguzo, fremu au fisha bodi tu. Nyumba yenye rangi nne barabarani watu wanaitumia kuelekeza bodaboda.

Karibuni tujadili. Kila mtu ataje alipojenga.

Mkazi wa Nala

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Nimejenga Dodoma, bati la mkaa, plasta imekamilika. Mama watoto ameshikilia nyeupe, hataki kusikia kingine. Nimemsomea hapo kwenye vumbi jekundu, amesema "huyo fundi wako aje aniambie mwenyewe." Kuna njia ya katikati?

Mshika Brashi

Shemeji nampa salamu, na ana hoja: kwa joto la Dodoma nyeupe ni nzuri. Njia ipo. Kwanza mpeni nyeupe iliyotiwa tone la njano ya udongo, ile inayoitwa ya maziwa au ya pembe za ndovu. Ukutani, kwenye jua la Dodoma, macho yanaisoma kama nyeupe. Karatasi ndogo ya katalogi inadanganya, kwa sababu rangi ikienda kwenye ukuta mkubwa wa nje huonekana nyepesi kuliko ilivyoonekana dukani. Kwa hiyo unayoiona krimu mkononi, nje itakuwa nyeupe tu.

Pili, mkanda wa chini uwe wa mkaa, ufanane na bati. Hapo haufanani na zahanati, unaonekana umepangwa.

Tatu, chukua rangi ya nje yenye mng'ao kidogo, isiwe ile kavu kabisa inayonata vumbi. Yenye mng'ao inafutika. Ila ukuta uwe umenyooka, maana mng'ao unaonyesha kila kovu la plasta.

Na plasta yenyewe kama ni mpya iache siku 28 kabla ya kugusa rangi. Saruji mbichi ina alkali, inaila rangi na kuitia madoa.

Kaskazi

Assalaam aleikum. Niko Unguja. Bwana mleta uzi umesema vizuri lakini umetusahau sisi wa chumvi.

Huku kinachoharibu si udongo, ni upepo. Mvua ya masika inakuja na kusi, inapiga kuta za kusini na mashariki kwa mlalo, na imebeba chumvi ya bahari. Wakati huo huo jua limeshaanza kuhamia kaskazini. Kwa hiyo ukuta wa kusini unaloa haukauki, unashika koga, mwanzo kijani, halafu nyeusi. Mtu wa Unguja akichagua rangi aifikirie hiyo pembe ya kusini. Krimu inaficha kuliko nyeupe, na mchanga unaficha kuliko krimu.

La pili ni Mji Mkongwe, na hili naomba watu wa bara walisikie kabla hawajanunua nyumba huku wafanye hoteli. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na udongo, zimepigwa lipu ya chokaa na kupakwa chokaa. Ukuta ule unavuta unyevu na kuutoa, lazima upumue. Ukija na plasta ya saruji na rangi ya plastiki juu yake, unyevu unakosa pa kutokea. Rangi inavimba mapovu, inabanduka kwa vipande, na saruji inaondoka na jiwe. Hapo hakuna suala la rangi gani, ni chokaa tu: nyeupe, au iliyotiwa njano ya udongo ikawa rangi ya samli. Rangi nyingi za kisasa ukizitia kwenye chokaa zinakufa, alkali inazichoma. Za udongo ndizo zinazokubali.

Tena ule mji uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na una Mamlaka yake ya hifadhi iliyokuwapo tangu 1985. Hujiamulii ukuta wa nje. Nenda kwanza ukaulize.

Jangwani Damu

Mimi bati kijani, ukuta njano. Nimemaliza. Msinipangie.

Mtaa wa Msimbazi

Hiyo si nyumba, ni tawi la Yanga.

Mshika Brashi

@Jangwani Damu hongera, ila chagua njano ya udongo badala ya ile ya jezi. Ya jezi ukuta wa magharibi utakuwa umepauka kabla hujamaliza kulipa mkopo, na utaonekana umehamia timu isiyojulikana.

@Kaskazi ahsante sana sheikh, hilo la chokaa nalichukua kama lilivyo. Nyumba za zamani za Mombasa, Lamu, Pangani na Bagamoyo ni jambo lile lile. Mwenye nyumba ya matumbawe popote pwani asome ulichoandika mara mbili.

Binti wa Kagera

Habari zenu. Bukoba mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, udongo mwekundu, na ziwa liko hapo. Kwa hiyo tumepata tope la Dodoma na koga ya Unguja kwa pamoja. Nyongeza ni wale wadudu wa ziwani wanaotoka kwa makundi, wanafuata taa, wanakufa ukutani. Ukuta mweupe chini ya taa ya kibarazani asubuhi hautamaniki, na ukiwafuta wakiwa wabichi wanaacha doa la kijani. Watu wa Mwanza na Kisumu wananielewa.

Nyumba yetu upande wa kusini umeshakuwa mweusi. Fundi anasema tupige rangi mpya juu. Je ni sawa?

Mshika Brashi

Dada, hapana. Koga ni kitu kilicho hai, ukiifunika kwa rangi itatoboa itoke. Osheni kwanza kwa dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe: sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, pakeni, iacheni robo saa, sugueni kwa brashi ngumu, suuzeni kwa maji mengi. Vaeni glovu na mfunike maua. Msichanganye dawa hiyo na asidi wala dawa ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu. Ukuta ukauke kabisa, halafu praima ya nje, halafu rangi ya nje yenye dawa ya kuzuia koga.

Rangi kwa Bukoba: naona mchanga uliokolea au rangi ya udongo wenyewe, ile ya tofali nyepesi. Nyumba za huko zimezungukwa na migomba, ukijani ni mwingi, na rangi ya udongo mbele ya migomba inapendeza kuliko yoyote. Kijani msipake, itapotea.

Kuhusu wadudu, taa ndiyo ihame. Iwekeni mbali na ukuta, kwenye nguzo ya uani, na iwe ya mwanga wa njano badala ya mweupe. Wasubirini wakauke ndipo mfagie.

Mjengo 254

Niko Kiambu. Nitapingana kidogo. Mbona mnapaka? Huku wengi tunajenga kwa mawe ya Ndarugo yaliyokatwa na mashine, fundi anapiga key, yaani anajaza viungo, vizuri, ukuta unaachwa ulivyo. Mvua ikinyesha jiwe linakuwa jeusi kidogo, likikauka linarudi. Sehemu ya chini tunabandika mazeras, yale mawe bapa ya kupamba ukuta, na udongo mwekundu wa Kiambu ukiruka hapo hauonekani. Paa ndilo linalobeba rangi. Nimeona jirani amefunika mawe mazuri kwa plasta ndiyo apate kupaka kijivu cha kwenye Instagram, sasa kila mwaka wa pili analipa mpakaji.

Samahani mleta uzi, najua ni ugali wako.

Mshika Brashi

Hakuna samahani, umesema kweli. Jiwe zuri lisipakwe. Shida yetu tunajenga kwa tofali za saruji ambazo hazina sura, lazima zivishwe.

Ila mawe ya Ndarugo yananyonya maji, hivyo upande unaopigwa na mvua angalieni unyevu ndani ya nyumba.

Nasema Ukweli

Uzi mrefu ila naona mnawatisha watu bure. Rangi ni utashi. Mimi niko Dodoma, Iyumbu, nimepaka kijivu baridi na nyeupe, mwaka wa tatu huu, nyumba inawaka. Siri ni kuosha. Mwisho wa kiangazi naita vijana wawili na mashine ya maji, nusu siku imeisha. Mtu ametumia mamilioni kujenga halafu apake rangi ya tope kwa sababu ya kuogopa tope?

Mshika Brashi

Mkuu, hoja yako inasimama, na nyumba inayooshwa kila mwaka hudumu kweli. Mwenye maji, mashine na nidhamu apake anachotaka. Wateja wangu wengi hawana hivyo vitatu, na Dodoma maji yenyewe unayajua. Mimi nachagua rangi kwa ajili ya mtu ambaye hataosha, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi ninazozirudia.

Angalizo kwa mashine: usisogeze mdomo wake karibu sana na ukuta, na usielekeze maji juu chini ya bati. Inachimba rangi na kulowesha kenchi, zile mbao za paa.

Mtoto wa Seeb

Nawasoma kutoka Oman. Huku Maskati karibu mji mzima ni mweupe, krimu au rangi ya mchanga, na si kwa bahati: manispaa ina kanuni za rangi za nje. Mgeni akifika anaona mji mmoja, si nyumba elfu zinazogombana. Vumbi lipo jingi, lakini ni la rangi ya mchanga, kwa hiyo ukuta wa mchanga haulionyeshi. Ni ile ile hesabu ya mleta uzi ya udongo, ila hapa imepitishwa na serikali.

Nikija likizo Tanga nikiona nyumba ya zambarau karibu na ya machungwa huwa nacheka, lakini sitaki mtu anikataze nyumba yangu ya Tanga niipake nini. Nyumba ya huku naikubalia kanuni kwa sababu nimepanga.

Fatma wa Madale

Naomba ushauri. Nyumba yangu ni ya kuficha bati, ile mitindo ya sasa. Fundi alipiga nyeupe na kijivu, ikawa nzuri. Baada ya masika imetoka michirizi myeusi kutoka juu kushuka, mbele ya nyumba, inaonekana inalia. Na chini kuna unga mweupe unatoka kwenye plasta, rangi inapukutika. Nibadili rangi?

Mshika Brashi

Dada Fatma, pole. Hayo ni magonjwa mawili na hakuna hata moja linalotibiwa na rangi.

Michirizi: ule ukuta wa juu unaoficha bati, kichwa chake kiko wazi. Vumbi linakaa pale juu, mvua inalishusha usoni. Unahitaji kofia juu ya ukuta, ya zege au ya bati la kukunja, imelalia upande wa ndani, na imetokeza nje sentimita 4 au 5 ikiwa na mfereji mdogo chini yake, maji yadondoke bila kugusa ukuta. Kagua na njia za maji nyuma ya ukuta, majani yakiziba maji yanajaa na kuvuja ndani. Nyumba hizi zinauzwa kwa picha, na kwenye picha huwa hakuna mvua.

Unga mweupe ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, unabeba chumvi, ukifika usoni maji yanakauka na chumvi inabaki inasukuma rangi. Huenda haikuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au mchanga ulikuwa na chumvi, au bustani imepandishwa udongo mpaka juu ya usawa wa sakafu. Anza na hilo la mwisho maana ni bure: shusha udongo. Chumvi isugue kwa brashi kavu, usiioshe, ukiiosha inarudi ndani. Plasta iliyooza ing'olewe, ipigwe upya, ikauke.

Na muulize fundi alilainisha ukuta wa nje kwa nini. Kama ni jipsamu, ndiyo inayopukutika. Jipsamu ni ya ndani. Nje tumia puti ya saruji nyeupe.

Mdogo Mdogo Tutafika

Mimi nyumba iko barabarani, kampuni moja ya simu imekuja kutaka kupaka bure rangi zake na nembo. Wakuu mnasemaje? Bure ni bure.

Nasema Ukweli

Omba kodi ya mwaka. Hilo ni bango.

Mshika Brashi

Naungana naye. Na uandikishane nani ataipaka tena ikichuja, maana mara nyingi ni nyekundu au bluu kali, upande wa jua inakwisha haraka. Ukitaka kurudi krimu baadaye, nyekundu ile itakula praima na mikono mitatu ya rangi kabla haijafunikwa. Gharama hiyo iingize kwenye bei unayowatajia sasa.

Mkazi wa Nala

Nimerudi. Ya maziwa imekubaliwa, kwa sharti kwamba isigeuke njano. Nyumba ni mita 12 kwa 10, ukuta mita 3. Ninunue ndoo ngapi? Fundi ameniambia nne za lita 20.

Mshika Brashi

Nne? Huyo anajenga na kwake.

Mzunguko ni mita 44, mara 3 ni mita za mraba 132. Toa milango na madirisha, tuseme 20, inabaki 112. Mikono miwili ni 224. Kwenye plasta ya kawaida lita moja inafunika mita za mraba 8 hivi kwa mkono mmoja. Makopo huandika 10 hadi 12 lakini hiyo ni kwenye ukuta laini. 224 gawa kwa 8 ni lita 28. Ndoo moja ya lita 20 na makopo mawili ya lita 4. Rangi ya mkanda utapunguza humo humo, na praima hesabu yake peke yake, ni mkono mmoja.

Nunua yote siku moja na namba ya toleo iwe moja. Kama namba zinatofautiana, changanya zote kwenye pipa moja safi kabla ya kuanza, la sivyo ukuta mmoja utakuwa na maziwa ya aina mbili.

Kabla ya hayo yote nunua kopo dogo la lita moja. Paka mita moja ya mraba ukuta wa mashariki na nyingine wa magharibi, mikono miwili. Mtazame asubuhi, saa saba mchana na jioni, mkiwa mmesimama getini na si pua ukutani. Mama watoto akiona njano, dukani wapunguze tone.

Binti wa Kagera

Na geti na grili? Zetu zina rangi ya mafuta ya zamani sana, inabanduka.

Mshika Brashi

Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, nyekundu na kijani kali, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Msipige msasa mkavu. Lowesheni, tumieni msasa wa maji, fundi avae barakoa, watoto wakae mbali, na mabaki yakusanywe kwenye turubai yasibaki uani. Kopo jipya liwe limeandikwa halina risasi. Praima ya kuzuia kutu kwanza, halafu rangi ya mafuta mikono miwili. Nyeusi, au rangi ya bati.

Fatma wa Madale

Kofia ya ukuta nimeshapata bei. Nikimaliza plasta nianze kupaka mwezi gani kwa Dar?

Mshika Brashi

Juni mwishoni hadi Septemba. Masika yameisha, vuli haijaanza, unyevu umepungua. Anza saa mbili asubuhi umande ukishakauka, fuata kivuli: asubuhi paka magharibi, mchana hamia kusini, alasiri mashariki. Wa kaskazini upakwe saa mbili hiyo hiyo kabla jua halijapanda sana, au jioni baada ya saa kumi. Kwenye ukuta wa moto rangi inakauka juu kabla haijashika chini. Saa kumi na moja na nusu weka brashi chini, umande wa usiku usiikute mbichi.